Kitufe cha Kisogoni

Mama yake Munenori alinipenda mara moja tu maishani mwake, na siku hiyo nilikuwa nimebandikwa shingo ya bandia.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kurekodi. Studio yetu ya Chofu ilikuwa na baridi yake ileile ya kila siku, na dada Yayoi, mpambaji wangu, alikuwa amenikalisha kitini tangu asubuhi akinigeuza mashine. Kwanza anakupaka rangi mpaka ngozi inakosa hata kinyweleo. Halafu anakubandika kisogoni kipande cha silikoni chenye kitufe, na kitufe kina taa ndogo ya buluu. Ukikibonyeza, Suzu anazimika. Ukikibonyeza tena, anaamka na kusema, "Karibu nyumbani. Nilikuwa nakusubiri." Nchi nzima ilikuwa inakijua kile kitufe. Watoto wa shule walikuwa wanabonyezana visogo njiani.

Suzu ndiye mimi. Jina langu hasa ni Chinatsu Orihara, na kabla ya Suzu nilikuwa yule mwanamke unayemwona kwenye tamthilia akileta chai, kisha humwoni tena. Aliyemtunga Suzu ni Munenori Kashiwagi. Tamthilia yake inahusu mwanamume mpweke, Wataru, anayemnunua roboti akamfanya mke. Kazini wote walimwita Munenori Mwalimu, kama watunzi wanavyoitwa kwetu. Mimi, tukibaki wawili, nilimwita Mune.

Miaka mitatu tulipendana kwa kujificha. Kila nikimwuliza lini nitamwona mama yake, ananiambia bado kidogo, na tangu Suzu aanze, ngoja tamthilia iishe. Haya, tamthilia inaisha leo, na mama mwenyewe kapanda treni asubuhi kutoka Kanazawa. Nilikuwa najigeuzageuza kitini mpaka Yayoi akanigombeza.

"Tulia, mdogo wangu. Ukitikisika hivyo gundi haishiki."

"Dada, leo ananitambulisha."

"Kakwambia mwenyewe?"

"Kaniambia jana. Kasema mama akija tu, anamwambia."

Yayoi hakusema hongera. Aliniinamisha kichwa, akapitisha kidole kisogoni kwangu, mahali anapobandika kile kipande.

"Na hapa pamefanya nini? Pamekuwa pekundu. Gundi yangu haimchomi mtu."

Nikavuta nywele, nikapafunika.

Ilianza kama mchezo. Jioni moja Munenori aliingia nyumbani amechoka, nikamtania kwa sauti ya Suzu: karibu nyumbani, nilikuwa nakusubiri. Alicheka hadi machozi. Alinikumbatia siku hiyo kama hajawahi kunikumbatia, akanisugua mgongo, akaniita majina ambayo Chinatsu hakuwahi kuitwa. Mwanamke akipendwa hivyo atarudia, si atarudia? Nikarudia. Siku nyingine tukagombana, alikuwa amechelewa bila hata kupiga simu, nami nikawa nafoka. Akanyoosha mkono, akanibonyeza kisogo kwa dole gumba. Nikafumba macho, nikanyamaza, kwa utani tu. Ugomvi ukaishia hapo, tukacheka, tukala.

Tangu siku hiyo kila ugomvi wetu ukawa na mwisho wake. Nikiuliza jambo, dole kisogoni. Nikitaka kulia, dole kisogoni. Nami nanyamaza, mwenzenu. Hakunishika kwa nguvu hata siku moja. Niliona nikikataa huo mchezo atakata na yale makumbatio, na mimi yale makumbatio nilikuwa nayataka kufa.

Na huku magazetini alikuwa anasema mambo ya kupendeza! "Ndiyo ya mtu asiyeweza kusema hapana haina thamani," aliwaambia waandishi. "Hilo ndilo swali la tamthilia yangu." Nchi nzima ikawa inabishana. Hata kwenye bafu la mtaani kwetu, wanakooga wengi pamoja, wanawake walikuwa wanazozana majini: ni haki mwanamume kulala na kitu kisichoweza kumkataa? Mmoja akasema heri hicho kitu, kuliko yeye anayelazimika kukoroma kwa uongo ili mumewe amwache. Mwingine akasema ni unyama mtupu, awe mtu awe mashine. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao, taulo kichwani, uso mtupu. Hakuna aliyenijua.

Juzi juzi, tukiwa tumelala, nilijipa moyo nikamwuliza. "Mune, siku nikijifunza kukukataa, utanipenda bado?"

Alinigeukia. Kisha akanibonyeza kisogo.

Basi leo ndiyo nilikuwa nangoja jibu langu. Nilijiambia, akinisimamisha mbele ya mama yake akasema huyu ndiye, hilo litakuwa jibu tosha, na yale mengine nitayasahau yote.

Mlango ukagongwa. Akaingia Munenori, nyuma yake mama yake, Bi Fusae, kimono ya rangi ya majivu, mgongo wima, anatembea kama anaogopa kuamsha mtoto. Alikuwa amebeba maboksi ya daifuku, zile keki laini za mchele wa kunata zenye unga juu na maharage matamu ndani. Mgeni wa studio haji mikono mitupu, na kila boksi lilikuwa limebandikwa karatasi yenye jina la mwanawe kwa maandishi makubwa. Akaniona. Maboksi nusura yamponyoke.

"Jamani! Suzu mwenyewe!"

"Ndiye, mama," Munenori akasema, anacheka kama mtoto aliyeshinda mbio.

"Naweza kumshika?"

Alimwuliza mwanawe. Mimi niko palepale, nimekaa, nina masikio.

"Mshike tu."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaugeuza, akaupapasa kama anapima kitambaa dukani. "Wa baridi! Kama kweli vile. Hebu aseme basi yale maneno."

Munenori akanitazama. Macho yake yalikuwa yananiomba, na mimi macho yale sijawahi kuyashinda.

"Karibu nyumbani," nikasema kwa sauti ya Suzu. "Nilikuwa nakusubiri."

Bi Fusae machozi yakamlenga. "Kila Jumanne nakaa mbele ya televisheni namwambia paka wangu, laiti Munenori angepata mke kama huyu. Mpole, hana makuu, anaitikia. Siku hizi wasichana hawaitikii."

"Basi umempata, mama." Munenori alisafisha koo. "Huyu ndiye Chinatsu, niliyesema nitakuambia habari zake."

Mikono ya Bi Fusae ilibaki juu ya wangu, ila haikupapasa tena.

"Chinatsu ndiye nani?"

"Ndiye anayecheza Suzu. Mimi na yeye... tuna muda sasa."

Nikasimama, nikainama mpaka nywele zikanifunika uso. "Naitwa Chinatsu Orihara. Nakuomba unipokee, mama."

Nilisema kwa sauti yangu. Sauti yangu ni nzito, kwetu Numazu watu wanaitana pwani kwa kupiga kelele, upepo upende usipende. Bi Fusae akamgeukia mwanawe.

"Sauti yake ndiyo hii?"

"Ya kazini ni ile nyingine, mama."

"Aa." Akanipandisha, akanishusha kwa macho. "Una umri gani, binti?"

"Thelathini na nne, mama."

"Suzu anaonekana wa ishirini na mbili."

"Suzu hana umri, mama. Ni roboti."

"Ndiyo maana hazeeki. Na wazazi wako?"

"Wapo Numazu. Wanakausha samaki, wanauza."

"Samaki." Akatabasamu vizuri kabisa. Akatoa leso kwenye mkono wa kimono, akaanza kufuta vidole vilivyonishika, kimoja kimoja, bila haraka, huku tabasamu liko palepale. "Kazi ya heshima. Kwenu mnaongea sana?"

"Tunaongea, mama. Tunacheka pia."

"Munenori tangu mtoto hawezi kelele. Marehemu baba yake alikuwa hivyohivyo. Nilimwitikia ndiyo, ndiyo, mpaka siku nilipomzika, na mimi hakuna aliyenibandika kitufe." Akaikunja leso pande nne. "Sisi wengine hatukuhitaji kubonyezwa. Sikiliza, binti. Sikuchukii. Ukiwa kama ulivyokuwa pale mwanzo, kabla hujafungua mdomo wako mwenyewe, mimi sina neno. Hivyohivyo. Unaweza?"

Nikamtazama Munenori. Sema kitu, Mune. Kimoja tu. Sema, mama, huyu si mashine. Munenori alikuwa anatazama viatu vyake.

Bi Fusae hakungoja. Alifungua boksi la daifuku, akampa Yayoi, akawapa vijana wa taa waliokuwa wakipita mlangoni, kila mmoja kwa mikono miwili na neno la shukrani. Aliponifikia mimi akafunga kifuniko.

"Suzu hali, eti?"

Wale vijana wakaangua kicheko. Haya, utani ulikuwa mzuri, siwalaumu. Munenori naye akacheka. Hapo ndipo aliponikata maini.

Yayoi akawatoa wote, Bi Fusae naye, akisema mgeni akatafutiwe kiti kizuri kule mbele. Tukabaki wawili. Munenori akaegemea kioo, uso umemng'aa.

"Umeona? Mama amekubali!"

"Amemkubali nani?"

"Chinatsu, usianze."

"Kafuta vidole mbele yangu, Mune. Kimoja kimoja. Wewe unatazama viatu."

"Ndivyo alivyo, hata shangazi zangu anawafanyia. Atakuzoea. Tukienda Kanazawa, mbele yake uwe Suzu kidogo tu. Si kazi yako hiyo? Utashindwaje?"

"Mpaka lini?"

"Mpaka azoee."

"Na tukirudi kwetu, mimi na wewe, tukafunga mlango? Hapo niwe nani?"

Nilimwuliza taratibu kabisa. Nilikuwa hata sina hasira. Nilikuwa namwomba. Alinitazama, nikaona anatafuta jibu na jibu analiona, lakini si la kumwambia mtu usoni. Akatoa karatasi mfukoni.

"Nimebadilisha ukurasa wa mwisho. Soma haraka, wanatungoja."

Kwetu kazini ukurasa ukibadilishwa unaletewa karatasi moja, saa hiyohiyo, unaiweka juu ya ile ya zamani. Mwigizaji halalamiki. Anasoma, anakariri, anaingia. Nikasoma. Wataru ameamua kumfuta Suzu kumbukumbu zote. Kabla hajambonyeza, Suzu anamwambia: Siku nikijifunza kukukataa, utanipenda bado?

Nilisoma mara ya pili. Nikakaa.

"Haya ni maneno yangu."

"Ni mazuri sana, Chinatsu. Nililala nayo kichwani. Yangepotea bure mle chumbani."

"Hayakupotea! Nilikuambia wewe. Nilikuwa nangoja jibu."

"Jibu liko hapo chini."

Nikashusha macho. Chini ya maneno yangu aliandika: Wataru hajibu. Anabonyeza kitufe.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na maneno ya kumwaga siku hiyo, maneno ya Numazu, ya kuwafukuza ndege kwenye chanja za samaki. Munenori akainama, akanibusu utosini, na dole lake likapita nyuma ya shingo, likabonyeza juu ya ile silikoni. Taa ya buluu ikazimika. Na mimi nikanyamaza. Aibu yangu niliyonayo mpaka leo ni hiyo, kwamba hata wakati ule nilinyamaza.

Igarashi, aliyecheza Wataru, nilimkuta tayari amekaa kitandani kwenye seti, karatasi mkononi, anajikuna kichwa. Ni mtu mcheshi, baba wa watoto watatu, mapenzi yote tumecheza yeye akinung'unika kuhusu mgongo wake.

"Chinatsu, mimi huyu Wataru simwelewi. Anaulizwa swali kama hili halafu anabonyeza tu?"

"Wapo watu hivyo."

"Basi wanahitaji kofi."

Nikacheka, na kicheko kikataka kugeuka kitu kingine. Nikajikaza kisabuni. Nyuma ya kamera Munenori alikuwa amekaa na mama yake mbele ya skrini ndogo, mama kapewa mto wa kukalia na kikombe cha chai.

Yayoi akaiwasha tena taa ya kisogoni, tukaanza. Igarashi akanishika bega. Nikamgeukia, nikasema, "Siku nikijifunza kukukataa, utanipenda bado?" Chozi likanidondoka.

"Kata!" Mwongozaji alipiga makofi. "Suzu halii. Roboti hana machozi. Turudie."

Yayoi akaja mbio na pamba. "Vumilia, mdogo wangu," akaninong'oneza. "Kidogo tu."

Tukarudia. Nikasema. Nikatazama pembeni ili nisimwone Igarashi, nikamwona Munenori. Alikuwa anafuata maneno kwa midomo, anayaonja. Chozi jingine.

"Kata! Jamani, Orihara! Turudie."

Munenori akanyanyua mkono kutoka kule alikokaa. "Punguza moyo," akasema kwa upole wake wote. "Usiweke moyo. Sema tu, kama unavyosema nyumbani."

Watu walidhani anamaanisha nyumbani kwa Wataru.

Mara ya tatu nilisema kama alivyotaka. Macho makavu. Maneno yalinitoka mdomoni hayana mwenyewe, ungedhani yananunuliwa dukani. Igarashi akanyoosha mkono, akanibonyeza kisogoni. Nikafumba macho.

Halafu nikasikia kwikwi. Ni Bi Fusae.

"Maskini Suzu," alikuwa anasema, ile leso yake puani. "Maskini mtoto wa watu. Wamemfanya nini."

Mtoto wa watu! Nilitaka kufumbua macho nimwambie, mama, mtoto wa watu ulimfutia vidole saa hizi hizi. Lakini mwongozaji alikuwa hajakata, na Suzu alikuwa amezimwa.

"Kata! Safi!" Mara msaidizi wa mwongozaji akapaza sauti, kama inavyofanywa kila mwigizaji anapomaliza sehemu yake: "Na hapa, Chinatsu Orihara, aliyecheza Suzu, amemaliza kazi!"

Makofi yakapigwa. Watu wa taa, watu wa sauti, wapishi wa seti, wote wakatoka vichochoroni. Taa kubwa zikawashwa. Desturi ni kwamba mmoja anakuletea shada la maua, unashukuru kwa maneno machache, unalia ukitaka, unakwenda zako. Shada langu alilileta Munenori. Lilikuwa kubwa mpaka halionyeshi uso wake, mawaridi meupe na yale maua madogo ya buluu, rangi ya ile taa. Aliniwekea mikononi. Hakurudi nyuma.

"Naomba wote mnisikilize," akasema, na sauti ilikuwa inamkatika. "Mimi ni mtu wa kuandika, kusema siwezi. Mwanamke huyu nampenda. Tumejificha, leo basi. Mama yangu amemwona, na amekubali." Akanigeukia, akainama mbele yangu mpaka kiuno. "Naomba uwe mke wangu."

Loo, ungesikia zile kelele! Wasichana wa nguo wakashikana mikono wanarukaruka. Mwongozaji anapiga filimbi. Bi Fusae anaitikia kwa kichwa taratibu, machozi aliyomlilia Suzu hayajakauka. Miaka mitatu niliota maneno yale. Niliyaota jikoni, niliyaota kwenye treni, niliyaota nikiwa majini na wale wanawake wenye makelele. Na sasa ndiyo haya, yamesemwa mbele ya watu, na mwanamume ninayempenda kainamisha kichwa ananingoja. Nilimpenda, wasomaji wangu. Msije mkasema sikumpenda.

Ndiyo maana nilimpa nafasi ya mwisho.

Nilinyoosha shingo. Nililegeza uso, nikaweka lile tabasamu ambalo halifiki machoni, na nikamjibu kwa sauti ya Suzu, ileile, nyembamba, isiyo na chumvi:

"Ndiyo. Kama upendavyo."

Kisha nikangoja. Nilimtazama machoni, nikamwambia kimoyomoyo, Mune, ikatae hii ndiyo. Wewe ndiye uliyesema kwamba haina thamani. Niambie, acha hiyo sauti, nataka jibu la Chinatsu. Ukisema hivyo tu nitakurukia shingoni mbele ya hawa wote, nitakwenda Kanazawa, nitamwinamia mama yako asubuhi na jioni, nitafanya lolote.

Uso wake ukafunguka. Hakuwahi kuwa mzuri kama dakika ile. Machozi yakamtiririka waziwazi, akacheka, akawageukia watu.

"Amekubali!" akapiga kelele, yeye asiyeweza kelele. "Mmesikia? Amekubali!"

Makofi yakarindima upya. Igarashi peke yake hakupiga. Yayoi naye alikuwa ameziba mdomo kwa mkono.

Nikampa Yayoi yale maua. Nikapeleka mkono nyuma ya shingo, nikaushika ukingo wa ile silikoni, nikavuta. Gundi ya Yayoi haimchomi mtu ikibandikwa, lakini ukiibandua bila dawa inatoka na nywele na ngozi. Nilisikia inavyochanika. Nilivuta tu. Watu wa mbele wakaacha kupiga makofi, kisha wa nyuma wakaacha. Nikaushika mkono wa Munenori, nikamwekea kile kipande kiganjani. Taa ya buluu ilikuwa imewaka tena kwa kule kuvuta.

"Huyu amekubali," nikasema kwa sauti yangu. "Mchukue, nenda naye nyumbani. Mimi bado hujaniuliza."

"Chinatsu. Chinatsu, watu wanatutazama."

"Na wanitazame. Mwaka mzima wananitazama, hawajaniona. Nilikuuliza swali kitandani, Mune, ukanijibu kwa karatasi. Haya na mimi jibu langu ndilo hilo, limelala mkononi kwako, lishike lisianguke. Halizeeki. Halina baba wa Numazu. Halina..."

Mnajua alifanya nini? Dole lake gumba lilijikunja lenyewe, likabonyeza. Wala hakukusudia, namjua, lilikuwa ni mazoea tu. Alisimama pale uso umempauka, anabonyeza kitufe kiganjani mwake, mara ya kwanza, mara ya pili, taa inazimika, inawaka, inazimika.

Na mimi nilikuwa bado nasema.

"Halina kelele," nikamalizia. "Mama yako atafurahi."

Bi Fusae alisimama kutoka kwenye mto wake. "Munenori," akauliza, na alikuwa anauliza kweli, "huyu mwanamke ni nani anayekusemesha hivyo?"

Munenori alikuwa bado anabonyeza. Nikapita kati ya watu, wakanipisha, damu inanitambaa shingoni mpaka ndani ya gauni la Suzu. Meza ya vitafunio ilikuwa mlangoni na maboksi yalikuwa juu yake, na karatasi zenye jina la Kashiwagi kwa maandishi makubwa. Nikafungua moja. Nikachukua daifuku iliyonona kuliko zote, nikamgeukia Bi Fusae ili anione vizuri.

"Nakula, mama."

Nikaitia mdomoni nzima. Nikatoka nayo nje, kwenye uwanja wa magari, unga umenijaa midomoni na maharage matamu yamenikwama kooni, na hapo ndipo kilio kikanishika, kilio cha kwetu, cha sauti nzito. Nililia na kutafuna, nikalia na kutafuna, na safari hii hakuna mtu aliyeniambia turudie.